Konyo Upande Huu, Karafuu Upande Huu: Namna ya Kuvitambua Vifungo vya Molekuli

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Bwana Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazee wetu mliotoka Wete na Micheweni tangu alfajiri, na nyinyi wanangu wa Kidato cha Tano na cha Sita ambao ndio khasa niliokujieni: ahsanteni kwa kunikaribisha hapa Chake Chake. Nimefundisha kemia miaka 31 katika skuli za kisiwa hiki, na katika miaka yote hiyo hakuna swali lililonisikitisha kulisahihisha kama hili moja. Mtoto anapewa mchoro wa molekuli yenye kaboni, anaambiwa ataje vifungo vilivyomo, yaani namna atomu zake zilivyoshikana. Anautazama mchoro, anaona mistari, anaihesabu mistari, anaandika jibu. Na jibu si sahihi, ilhali mtoto mwenyewe ana akili na amesoma usiku kucha.

Darasani tunasema "bondi". Mtihani wenu umeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo neno hilo mnalo na mtalitumia. Leo nitasema kifungo, kwa sababu nataka mkione kitu chenyewe kinavyofunga kabla ya kulikumbuka jina lake.

Nimekuja na chupa. Ni mafuta ya karafuu, na wengi wenu mmeijua harufu hii kabla ya kujua kusoma. Nakuombeni mpokezane, kila mmoja afungue, anuse, ampe mwenzake. Msijimiminie mkononi, mafuta haya yakiwa hayakuchanganywa na kitu huwasha na kuunguza ngozi. Kitu kinachokupandeni puani, kwa sehemu kubwa, ni molekuli moja. Inaitwa eujenoli. Ni hiyo hiyo inayolitia ganzi jino linalouma bibi anapokuwekea punje ya karafuu, na ni hiyo hiyo ambayo daktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki akaziba jino kwa muda. Jina lake limetoka kwenye jina la zamani la kitaalamu la mkarafuu, Eugenia, nalo walilitoa kwa heshima ya mwana wa kifalme wa Ulaya, Eugene wa Savoy, mtu asiyehusiana kwa lolote na mikarafuu yetu. Lakini molekuli ni yetu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo karafuu ya Zanzibar imekuwa zaidi ni karafuu ya Pemba. Hakuna mtoto duniani aliye karibu na molekuli hii kuliko nyinyi, na mimi sitaki aje mwengine aijue kukushindeni.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mchumaji. Msimu ukiingia, tukisha kuswali Isha tulikaa barazani na polo la karafuu mbichi tukichambua. Konyo, kile kijiti kinachoishika karafuu, upande huu, karafuu upande huu. Mimi nilikuwa natazama rangi, kwa hiyo nikikosea, maana mbichi zote ni kijani na wekundu kidogo. Mama hakutazama kabisa. Alikuwa akizungumza na jirani huku kidole kinasukuma kikonyo, kinakatika pale pale panapotakiwa. Nikamuuliza anajuaje. Akanambia, "Usiitizame karafuu, uliza imeshikana na nini." Hakusoma kemia, lakini sijapata kusikia kanuni ya kutambua kifungo iliyo bora kuliko hiyo. Yote nitakayosema leo yamo ndani yake.

Tuanze na mstari. Mstari mmoja kwenye mchoro ni elektroni mbili ambazo atomu mbili zinamiliki kwa shirika. Kaboni ina mikono minne, nitrojeni mitatu, oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Mkono usiachwe ukining'inia, na usiongezwe usiokuwepo. Hayo mnayajua tangu Kidato cha Pili. Tatizo ni kwamba mkifika juu, wataalamu wanaacha kuandika. Hawaandiki C, wanakunja mstari tu na kila pembe ni kaboni. Hawaandiki haidrojeni zilizoshikana na kaboni. Mchoro unakuwa mzuri, mwepesi, na nusu ya vifungo vyake vimefichwa.

Tizameni ubaoni. Nimechora pete ya pembe sita. Kwenye pembe moja nimeandika OH. Pembe ya jirani ina O, na kwenye hiyo O pametoka mstari mfupi usio na herufi mwishoni. Mkabala na OH, upande wa pili wa pete, pametoka mkia wa kaboni tatu, na kifungo cha mwisho cha mkia kina mistari miwili. Hiyo ndiyo eujenoli, kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2. Kwenye mchoro wote herufi H imeandikwa mara ngapi? Mara moja. Basi haidrojeni 11 ziko wapi?

Tunazitafuta pembe kwa pembe, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Pembe tatu za pete zilizo tupu: kila moja ina mistari mitatu, umebaki mkono mmoja, basi haidrojeni moja. Hizo tatu. Pembe tatu nyengine za pete zina mistari minne, hazina kitu. Kaboni ya kwanza ya mkia ina mistari miwili, basi haidrojeni mbili. Ya pili ina mitatu, moja. Ya mwisho ina miwili, mbili. Na ile ncha iliyoshikwa na oksijeni ina mstari mmoja, basi tatu. Tatu, na mbili, na moja, na mbili, na tatu: 11. Na ya OH ni ya 12. Hesabu imefunga. Mtoto aliyeruka hatua hii ataandika jibu lililokosa vifungo 11 vya kaboni na haidrojeni, na hakuna ujuzi mwengine utakaomwokoa. Kwa hiyo sheria yangu ya kwanza kwenu ni hii: kabla hujataja kifungo chochote, rudisha haidrojeni zote mahala pake kwa penseli. Hata kama una haraka. Zaidi ukiwa na haraka.

Sasa mstari mmoja, miwili, mitatu. Mnajua majina: kifungo kimoja, kifungo maradufu, kifungo mara tatu. Na mnajua sigma na pai, lakini nimeona wengi mnazitaja kama majina ya watu msiopata kukutana nao. Nikukutanisheni nazo. Elektroni za sigma zinakaa kwenye mstari ulionyooka kati ya viini viwili. Elektroni za pai zinakaa pembeni ya mstari huo, upande huu na upande huu. Fikirini ngalawa. Gogo la kati lililochongwa ndilo sigma. Zile mbao mbili za pembeni zinazoelea, kushoto na kulia, ndizo pai. Ukitoa mbao zile, gogo linaviringika majini upendavyo, na kifungo kimoja ndivyo kilivyo, kaboni zake zinazunguka. Ukitia mbao, ngalawa haipinduki tena. Kifungo maradufu hakizunguki. Na angalieni jambo moja ambalo linawatoa watu alama: mbao ni mbili, lakini ngalawa ni moja. Pai moja ina pande mbili, na bado ni pai moja. Kifungo maradufu ni sigma moja na pai moja. Mara tatu ni sigma moja na pai mbili. Hakuna kifungo chenye sigma mbili kati ya atomu mbili zile zile.

Mfano wa mara tatu sitaukalia, kwa sababu kwenye viungo vyetu haupatikani. Ule mtungi wa gesi ya asetilini wa mafundi wa kuchomelea vyuma, kaboni zake mbili zimefungana hivyo. Tuendelee.

Nyongeza ya mstari haina thamani sawa na mstari wa kwanza. Kukikata kifungo kimoja cha kaboni na kaboni kunahitaji takriban kilojuli 347 kwa moli. Maradufu, takriban 614. Ingekuwa mstari wa pili una nguvu sawa na wa kwanza, tungepata 694. Hatupati. Pai ni dhaifu kuliko sigma, na elektroni zake ziko nje, zinafikika. Ndiyo sababu katika molekuli nyingi mambo huanzia kwenye pai: bromini huja hapo, hewa huja hapo, mafuta huharibika kuanzia hapo. Urefu nao unasema hivyo hivyo. Kimoja ni pikomita 154, maradufu 134, mara tatu 120. Kadiri wanavyoshirikiana elektroni nyingi ndivyo wanavyosogeleana.

Mnataka kuliona jambo hili bila maabara? Nendeni jikoni asubuhi moja ya kipupwe. Mafuta ya nazi kwenye chupa yameganda, meupe, mama anaiweka chupa juani kabla hajaweza kuyamimina. Mafuta ya alizeti kwenye chupa ya pembeni yake yanamwagika kama maji. Molekuli za mafuta zina mikia mirefu ya kaboni. Mikia ya mafuta ya nazi karibu yote ni vifungo kimoja kimoja, minyofu, inapangika kama samaki ndani ya kikapu, na ikifika nyuzi 24 hivi za Selsiasi inagandana. Mikia ya alizeti ina vifungo maradufu, na kila kifungo kimeukunja mkia usiweze kunyooka, kwa sababu ngalawa haipinduki. Mikia iliyokunjika haipangiki vizuri. Mmoja wa mitihani yenu utakuulizeni "kwa nini", na nyinyi mmelala nyumba moja na jibu.

Nakuja kwenye pete, na hapa nakuombeni mtulie, maana hapa ndipo mchoro unaposema uongo.

Kwenye ile pete ya pembe sita nimechora mstari mmoja, miwili, mmoja, miwili, mpaka nikazunguka. Mtu akinambia "mwalimu, eujenoli ina vifungo maradufu vinne", ninamwelewa, lakini sikubali. Faraday aliipata benzini, molekuli ambayo ni pete hiyo tupu, mwaka 1825, na Kekulé akatoa wazo la pete mwaka 1865, pete yenye vifungo vya kupishana. Ingekuwa kweli vinapishana, pete isingekuwa sawa pande zote, kwani pande tatu zingekuwa ndefu za 154 na pande tatu fupi za 134. Mwaka 1929 mwanamke mmoja, Kathleen Lonsdale, alipiga fuwele ya molekuli yenye pete hiyo kwa miale ya eksirei, na akakuta pete bapa yenye pande sita zilizo sawa. Leo tunaandika pikomita 139. Si 154, si 134. Ni kifungo cha aina yake. Elektroni sita za pai hazina nyumba maalumu, zimetandaa juu na chini ya pete nzima, ni mali ya kaboni zote sita.

Kwa hiyo ukiulizwa vifungo vya eujenoli baina ya kaboni na kaboni, chambua. Sita vya pete upande huu. Kifungo maradufu cha mkia upande huu. Vifungo viwili vya kawaida, kile kinachounganisha pete na mkia na kile cha katikati ya mkia, upande wao. Jumla tisa. Ukiulizwa idadi ya sigma na pai kwa hesabu tu, hapo utazihesabu pai tatu za pete pamoja na moja ya mkia, zinakuwa nne. Na sigma? Tisa hizo, na 11 za kaboni na haidrojeni, na tatu za kaboni na oksijeni, na moja ya OH. Zinakuwa 24. Kuna njia ya kujikagua: molekuli yenye pete moja ina sigma sawa na idadi ya atomu zake. Kaboni 10, haidrojeni 12, oksijeni 2. Ni 24. Molekuli isiyo na pete hupungua moja. Jikagueni kila mara, haichukui hata dakika.

Sasa nataka nikuelezeni jambo ambalo nililifundisha vibaya.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiingia darasani na maji ya bromini, rangi ya machungwa, naongeza tone la mafuta ya karafuu, natikisa, rangi inapotea. Naandika ubaoni: rangi imepotea, basi kuna kifungo maradufu. Darasa linanakili. Mwaka mmoja, kijana wa kike aliyekuwa akikaa karibu na dirisha akanyoosha mkono akauliza, "Mwalimu, na ile pete yenye OH haili bromini?" Nilisimama. Nilijua kwamba fenoli, yaani pete yenye OH, inakula bromini, tena kwa kasi, nilikuwa nimelifundisha hilo wiki mbili kabla katika mada nyengine. Ila sikupata kuziweka mada mbili hizo juu ya meza moja. OH ikishikana na pete huitajirisha pete kwa elektroni, na pete hiyo hupokea bromini bila kusubiri kichocheo, wakati benzini tupu ingekataa. Rangi ingepotea hata kama mkia usingekuwepo. Ipo molekuli inayoitwa gwayakoli, ambayo ni eujenoli iliyokatwa mkia, na nayo huiondoa rangi ya bromini.

Nilimwambia yule mtoto kuwa nimekosea na kwamba nitarudi na jibu. Jibu nililorudi nalo ndilo ninalokupeni: kipimo cha bromini hakikuonyeshi kifungo maradufu, kinakuonyesha elektroni zilizo tayari kutolewa. Kama molekuli haina fenoli wala kitu kama hicho, unaweza kusema ni kifungo maradufu. Kama inayo, nyamaza kwanza, tafuta ushahidi mwengine. Kwenye maabara kubwa watatumia miale ya infraredi, kifungo maradufu cha mkia kinajitokeza karibu na namba 1640 (ni idadi ya mawimbi kwa sentimita), OH inajitokeza juu ya 3200, na kama kungekuwa na kaboni iliyofungwa maradufu na oksijeni ungeona mchomozo mkali karibu na 1700. Kila kifungo kinatetemeka kwa mtindo wake. Lakini hata kabla ya mashine, mtoto yule alikuwa na mashine bora. Aliuliza kifungo kimeshikana na nani.

Na hapa ndipo somo lenyewe lilipo. Chukueni kifungo cha oksijeni na haidrojeni. Kwenye mchoro ni herufi mbili tu, OH, popote zilipo. Oksijeni inavuta elektroni kwa nguvu, kipimo cha mvuto huo cha mwanakemia Pauling kinaipa 3.44 na haidrojeni 2.20, kwa hiyo kifungo hiki kina ncha, upande mmoja hasi kidogo na upande mmoja chanya kidogo. Kaboni ina 2.55, haiko mbali na haidrojeni, na ndiyo maana kifungo cha kaboni na haidrojeni tunakihesabu kuwa hakina ncha. Mpaka hapo ni hesabu ya kutoa. Lakini OH ya spiriti, OH ya karafuu na OH ya siki haziko sawa hata kidogo. Ya spiriti imeshikana na kaboni ya kawaida, haiachii haidrojeni yake kwa urahisi. Ya karafuu imeshikana na pete, na pete inasaidia kubeba chaji inayobaki, kwa hiyo ina asidi kuliko ya spiriti mara milioni hivi. Ya siki imeshikana na kaboni ambayo tayari ina oksijeni nyengine maradufu, na hiyo inazidi zote. Tieni magadi kwenye siki, itatoa povu. Tieni magadi kwenye mafuta ya karafuu, hakutoki povu. Herufi ni zile zile mbili, jirani amebadilika, na jina limebadilika: alkoholi, fenoli, asidi.

Tofauti hiyo ina kazi. Ndani ya mafuta ya karafuu, pamoja na eujenoli, kuna molekuli nyengine inayoitwa kariofilini, kaboni 15 na haidrojeni 24, haina oksijeni hata moja. Ukitikisa mafuta pamoja na maji ya sodiamu haidroksaidi, eujenoli inaachia haidrojeni yake ya OH, inakuwa ioni, yaani chembe yenye chaji, inaingia majini. Kariofilini haina cha kuachia, inaelea juu. Unazitenga. Kisha unatia asidi kwenye maji, haidrojeni inarudi, eujenoli inajitokeza tena kama mafuta. Na wakati iko ndani ya maji yale, mvuto baina ya oksijeni yake na sodiamu ni wa ioni, si kifungo cha kovalenti, kile cha kumiliki elektroni kwa shirika. Kile kiwanda chetu cha makonyo pale Wawi kinatuonyesha kwamba hata vikonyo tunavyovitenga vina eujenoli ya kutosha kukamuliwa kwa mvuke. Nawaombeni walimu muwapeleke watoto wakaone. Mtoto akiona mafuta yakidondoka kwenye bomba, mchoro wa ubaoni hautakuwa mgeni tena kwake.

Oksijeni ya pili ya eujenoli haina haidrojeni. Imekaa kati ya kaboni mbili, hiyo ni etha, na hutoa vifungo viwili vya kaboni na oksijeni. Wengi wenu mkiona oksijeni kati ya kaboni mbili mnasema haraka "esta". Subirini. Angalieni kaboni za pembeni. Kama moja ina oksijeni nyengine kwa kifungo maradufu, ni esta, kama katika mafuta ya nazi, kama katika ile asetati ya eujenoli ambayo nayo imo humu ndani ya chupa. Kama hakuna, ni etha. Vivyo hivyo pilipili manga. Molekuli inayotuwasha ni piperini, na ndani yake kuna nitrojeni iliyoshikana na kaboni yenye oksijeni maradufu. Nimeona majibu mengi mno yanayosema "kuna ketoni na kuna amini". Hakuna ketoni na hakuna amini. Wawili hao wakikaa pamoja ni amaidi, kifungo kimoja chenye tabia yake, na nitrojeni yake haipokei asidi kama ya amini. Na mdalasini, kaboni ya mwisho ina oksijeni maradufu na haidrojeni, hiyo ni aldehidi. Mnaweza kufungua kabati la mama la viungo mkalisoma kama kitabu cha kemia, na hamtakosa aina hata moja kubwa isipokuwa ile mara tatu.

Kitu kimoja bado, kwa sababu kinawachanganya hata walimu. Kifungo cha haidrojeni. Jina lake baya, linawafanya watu wadhani ni kila kifungo chenye haidrojeni ndani yake. Siyo. Ni mvuto baina ya haidrojeni iliyo tayari kwenye OH au NH na oksijeni au nitrojeni nyengine iliyo karibu. Tunauchora kwa nukta, si kwa mstari. Kwenye eujenoli upo ndani ya molekuli yenyewe: ile haidrojeni ya OH inaielekea oksijeni ya etha iliyo jirani. Ukiulizwa kovalenti ngapi, usiuhesabu. Ukiulizwa kwa nini molekuli hii ina tabia hii, utaje.

Nimesema nusu saa na chupa imesharudi mbele, naona imepungua, hapana neno.

Sasa nafuta mkia wa eujenoli na kuuchora upya. Kifungo maradufu kilikuwa mwisho wa mkia. Nakisogeza hatua moja, kinakaa pembeni ya pete. Sikuongeza atomu, sikupunguza atomu. Hii inaitwa isoeujenoli. Kwa miaka mingi viwandani walichukua eujenoli ya karafuu, wakaipasha moto pamoja na alkali kifungo kikahama hivi, kisha wakakikata kifungo kile kwa oksijeni, wakapata vanilini, harufu ya vanila. Kutoka karafuu hadi vanila kwa kuhamisha pai moja na kuikata.

Hesabuni sigma zake. Hesabuni pai zake. Mtapata 24 na 4, kama mwanzo. Kisha nijibuni hili: isoeujenoli ina sura mbili, moja mkia wake umekunjika upande mmoja na pete na moja umekwenda upande wa pili, na eujenoli ina sura moja tu. Idadi ya vifungo ni ile ile, aina ni zile zile. Kwa nini? Itizameni ile kaboni ya mwisho ya mkia wa mwanzo, muulize imeshikana na nini na nini.

Chaki hii hapa. Binti wa mstari wa mbele uliyekuwa ukichora tangu nilipoanza, njoo, na wenzako wakusaidie.